TAHADHARI: "Sola ya wati 500" inayouzwa kwa pikapu kwenye masoko yetu

Kwa ndugu zetu wa Vihiga, Kakamega, Siaya na Kisumu: kuna pikapu yenye vipaza sauti inayozunguka siku za soko ikiuza seti za sola kwa shilingi 8,500. Imeonekana Luanda, Chavakali na Yala, na sasa naambiwa imefika Ahero. Nyuma ya paneli kuna lebo ya 500W. Betri imeandikwa 12V 20Ah, yaani volti 12 na uwezo wa kutunza umeme wa ampea-saa 20. Ndani ya boksi mna balbu tatu, redio, tochi na waya za kuchaji simu. Msinunue. Na kama mzazi wako yuko nyumbani na ana pesa za mahindi mkononi, mpigie simu leo kabla hajatoka kwenda sokoni.

Mimi ni fundi wa sola. Sina duka na siuzi paneli, kwa hiyo sigombanii wateja na mtu. Hizi seti nimezifungua kwa watu walioniita nije niangalie kwa nini taa zinazima saa mbili usiku, na zote zina ugonjwa mmoja.

Tuanze na paneli, maana hapo uongo unaonekana hata bila bisibisi. Jua likiwa utosini, kila mita moja ya mraba hupokea takriban wati 1,000 za mwanga na joto. Paneli nzuri ya siku hizi hugeuza kama asilimia 20 ya hizo kuwa umeme, na zile za juu kabisa madukani hufika asilimia 23 au 24. Yaani mita moja ya mraba ya paneli nzuri ni wati 200 na ushei. Ile ya pikapu nimeipima kwa futi kamba: sentimita 35 kwa 24. Zidisha, unapata mita za mraba 0.084. Hata ingetengenezwa kwa ubora wa juu kabisa uliopo madukani, haiwezi kupita wati 20 hivi. Paneli ya wati 500 ya kweli ina eneo la zaidi ya mita mbili za mraba, ni ndefu kuliko wanaume wengi, na uzito wake unapita kilo 20. Kuipandisha kwenye mabati ni kazi ya watu wawili. Hii ya pikapu nimeona mama akiibeba kwapani, mkono mwingine umeshika kuku.

Muuzaji anajua kuna mjuaji atakayeuliza, ndiyo sababu anatembea na multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Anaielekeza paneli juani, anagusa waya mbili, kioo kinasoma volti 21, umati unashangilia. Volti hiyo si ya kubuni. Ila volti peke yake ni kama urefu wa mtu: haukuambii anaweza kubeba magunia mangapi. Kipaneli cha wati 10 na paneli ya wati 100, zote za mfumo wa volti 12, zitasoma volti 21 au 22 zikiwa hazijaunganishwa na kitu. Zinapoachana ni kwenye ampea, yaani kiasi cha umeme unaopita kwenye waya. Mwambie ahamishe waya wa multimita kwenye tundu la ampea 10, aguse tena. Paneli ya wati 100 itatoa ampea 5 na nusu hadi 6 kwenye jua kali. Zilizopita mikononi mwangu kutoka kwenye pikapu hii hazikufika hata ampea moja. (Jaribio hili ni la paneli peke yake. Ukiligusisha kwenye betri utaunguza multimita, na vidole vyako pia.) Pale Luanda kijana mmoja alimwomba muuzaji afanye hivyo, akajibiwa kwamba tundu hilo limeharibika. Tundu limeharibika na multimita bado mpya!

Kuhusu ile televisheni inayowaka pale juu ya pikapu mchana kutwa, zunguka nyuma ya gari utazame waya unakoelekea. Nilizunguka. Waya haukutoka kwenye seti. Ulipita chini ya turubai hadi kwenye betri ya pikapu yenyewe.

Sasa betri. Hapa watu wanaumia zaidi kwa sababu huwezi kuona ndani. Betri ya risasi na asidi, kama zile za magari, ya volti 12 yenye 20Ah ina uzito wa karibu kilo sita. Ile ya 7Ah, aina wanayoweka kwenye kengele za wezi na mageti ya umeme, ni kilo mbili na kitu. Maboksi mengi ya betri za seti hizi ukiyashika mkononi unasikia pakiti moja ya unga wa kilo mbili, na hapo umehesabu na plastiki yenyewe. Nilipolifungua la mteja wa Emuhaya nilikuta betri ya 7Ah yenye lebo mpya juu ya lebo ya zamani, na pembeni yake kipande cha zege cha kuongeza uzito. Si maboksi yote yana zege. Mengine yana seli za lithiamu zilizotolewa kwenye kompyuta kuukuu na kufungwa kwa utepe.

Wakikwambia "hii ni lithiamu, ndiyo maana ni nyepesi", wana nusu ya ukweli. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya 12V 20Ah huwa na uzito wa kama kilo mbili na nusu, na ni betri nzuri sana ikiwa halisi. Basi omba boksi lifunguliwe mbele yako. Ukikuta zile seli za mviringo zinazofanana na betri za tochi ila nene kidogo, zimeandikwa 9900mAh (yaani 9.9Ah), hapo umeshamkamata mwongo. Seli ya ukubwa huo, inayoitwa 18650, iliyo bora kabisa hubeba kama 3500mAh. Hakuna kiwanda kinachotengeneza ya 9900.

Watu wengine wananiambia, "Fundi, bora taa iwake kuliko koroboi." Nawaelewa. Tangu serikali iweke tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, koroboi halikuwa tena taa ya maskini. Lakini tuangalie unachopata hasa kwa hizo 8,500. Tuseme paneli inatoa wati 15. Huku kwetu unaweza kutegemea jua kamili kwa muda wa saa tano hivi kwa siku, na Kakamega mnajua mvua ya alasiri inavyokata siku katikati. Hizo ni wati-saa 75, toa zinazopotea kwenye waya, kontrola (kifaa kinachoongoza kuchaji betri) na betri, unabaki na 50 hivi. Balbu tatu za wati 3 zikiwaka saa nne zinakula 36. Chaji simu moja ya kisasa isiyo na chaji kabisa, umemaliza. Televisheni ya inchi 32 hula wati 40 hadi 50, kwa hiyo taarifa ya habari ikiisha nayo imezima, na balbu hazitawaka usiku huo. Pasi, ambayo nilimsikia muuzaji kwa masikio yangu akiitaja kwenye kipaza sauti, inahitaji wati 1,000 na zaidi. Seti hii haiwezi kuipasha hata kwa dakika moja.

Kwa hiyo ni seti ya balbu tatu na simu, inayouzwa kama seti ya nyumba nzima. Ingekuwa imeandikwa wati 15 na kuuzwa kwa bei ya wati 15, nisingekuwa hapa naandika.

Walio hatarini zaidi ni wavuvi wa omena. Wengi wameacha karabai na kuhamia taa za betri, na pikapu hii ilishuka hadi ufuoni upande wa Bondo ikiwauzia "taa za ziwani wati 300". Taa ikikuzimia sebuleni unawasha tochi. Ikikuzimia saa saba usiku katikati ya Ziwa Victoria, na boti nyingine inakuja bila kukuona, hayo ni mambo mengine kabisa. Kabla ya kuingia majini na taa mpya, iwashe nyumbani usiku mzima uone inafika saa ngapi.

Upande wa karatasi: risiti hawatoi. Wanatoa kadi ya waranti ya miaka mitano yenye namba ya simu isiyopatikana. Malipo yanaenda kwa namba ya mtu binafsi, si Lipa na M-Pesa ya biashara, na wateja wawili walionionyesha ujumbe wao walikuwa na majina mawili tofauti. Hilo si jambo dogo. Mahakama ya madai madogo husikiliza kesi za hadi shilingi milioni moja na si lazima uwe na wakili, lakini utamshtaki nani kama hujui hata jina la biashara?

Muulize muuzaji leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati. Kanuni za sola za mwaka 2012, enzi hizo EPRA ikiitwa ERC, zinataka mafundi na wauzaji wa mifumo ya sola wawe na leseni. Fundi halali atakwambia bila kusitasita kama leseni yake ni ya daraja la T1, T2 au T3. Boksi likiwa na alama ya ubora ya SM ya KEBS (shirika la viwango), andika SM# ikifuatiwa na namba iliyo chini ya alama hiyo, utume kwa 20023, utajibiwa ni bidhaa gani na ya nani. Kwa seti ndogo kama hizi kuna pia orodha ya VeraSol mtandaoni, ya bidhaa zilizopimwa maabara. Mwambie mtoto wa sekondari akutafutie, ni kazi fupi.

Kwa wale ambao tayari mmenunua: msiitupe. Ondoeni redio na televisheni, mbaki na balbu na simu moja, paneli iangalie kaskazini au kusini kidogo bila kivuli cha mgomba, na itawasaidia kiasi. Lakini kama betri ni ya lithiamu na boksi limeanza kuvimba au linapata joto wakati wa kuchaji, litoeni nje ya nyumba leo hii. Msilichaji chumba wanacholala watoto. Hifadhini ujumbe wa M-Pesa, pigeni picha lebo zote, mwandikishe polisi mpate namba ya OB (kitabu cha matukio), kisha mpeleke malalamiko KEBS. Wana ofisi Kisumu mjini. Malalamiko ya mtu mmoja hukaa kwenye faili, ya watu kumi kutoka soko moja yana uzito wake.

Na wewe unayetaka kununua sola yoyote wiki hii, iwe ya pikapu au ya dukani, pima paneli urefu na upana kwa mita, zidisha, kisha zidisha tena kwa 200. Ukipata namba iliyo mbali na ile ya lebo, rudisha pesa mfukoni.