Karabai ya Mwanjelwa: mnara wa taa unaobebeka mkononi

Anayenunua karabai ya geji, taa ya mafuta ya taa ya kupiga pampu yenye saa ya presha, katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, ili aiteremshe Kyela kwa wavuvi wa usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, ananunua mtambo uleule uliowaka juu ya minara ya taa ya pwani. Tofauti ni ukubwa tu. Lawama nyingi zinazotupiwa taa hii ni makosa ya mkono wa anayeiwasha. Lakini zipo lawama ambazo inastahili.

Inayozungumziwa hapa ni ile yenye tangi la lita moja na namba 500 ubavuni, iliyoigizwa kutoka muundo wa Petromax ya Ujerumani. Hiyo 500 ni kwa kipimo cha zamani cha Kijerumani cha nguvu ya mwanga, HK, ambacho kimoja ni kama 0.9 ya kandela, kwa hiyo muuzaji akisema ni wati usimsikilize. Lita moja ya mafuta ya taa huwaka kama saa 8. Usiku wa usipa unaweza kuzidi hapo, na kujaza mafuta katikati ya ziwa maana yake ni kuzima, kutoa presha na kungoja ipoe. Beba mbili.

Mafuta ya taa hayawaki humu yakiwa maji. Pampu inajaza hewa kwenye tangi, hewa inayapandisha mafuta hadi kwenye kibomba cha shaba kinachopita karibu na utambi, joto linayageuza mvuke, na mvuke unatokea kwenye tundu jembamba na kuchanganyika na hewa. Moto wenyewe ni wa bluu, hauna mwanga wa maana. Kinachong'aa ni utambi, kile kijifuko cha kitambaa kilicholowekwa chumvi za madini, ambacho kikishaungua mara ya kwanza hubaki jivu tupu. Utambi huo ni kazi ya Carl Auer von Welsbach wa Austria, miaka ya 1880. Mwaka 1901 Mwingereza Arthur Kitson akautengenezea kichomeo cha mvuke wa mafuta kwa ajili ya minara ya taa, na walinzi wa minara wakawa wanapiga pampu usiku kama anavyopiga mvuvi wa Matema.

Hapo kwenye kibomba ndipo wengi wanapokosea. Kisipopata moto wa kutosha, mafuta hutoka yakiwa maji, moto unaruka juu wa manjano na kioo kinajaa masizi dakika hiyohiyo. Jaza spiriti kwenye kikombe chake, washa, uiache iishe yenyewe. Inachukua kama dakika moja na nusu hadi mbili. Kwa baridi ya Mbeya ya Juni na Julai jaza kikombe mara mbili. Kyela mara moja inatosha. Kisha piga pampu hadi mshale ufike mstari mwekundu, ambao ni kama bar 2. Mwanga ukianza kupumua, unang'aa na kufifia, tundu limeingia uchafu: zungusha gurudumu la ubavuni mara kadhaa, sindano iliyo ndani itasafisha.

Sasa kasoro zake. Ngozi ya pampu huja imekauka. Ukisukuma mpini unakwenda bure, presha haipandi. Itoe, itie mafuta, ipanue kwa vidole. Mpini ukikurudia wenyewe baada ya kusukuma, hiyo si ngozi, ni vali ya chini ya pampu inayovujisha, na hiyo inataka kipuli kipya. Washa za mpira kwenye kifuniko ni nyembamba na hazidumu. Kioo ndicho kibaya kuliko vyote: tone moja la maji ya ziwa kikiwa cha moto, kimekwenda. Hata utambi uliotoboka hukipasua, kwa sababu ulimi wa moto hupita kwenye tundu na kugonga sehemu moja. Utambi ukitoboka badilisha papo hapo, hata kama bado unatoa mwanga.

Mwanga wenyewe ni mzuri, mweupe, ila unapotea. Mnara wa taa ulipata dawa ya hilo mwaka 1823, Augustin Fresnel alipoweka kwenye mnara wa Cordouan, Ufaransa, lenzi ya vipande vya kioo iliyokusanya mwanga uliokuwa unakwenda angani na kuutupa wote baharini. Karabai haina lenzi. Ina kofia ya bati, basi isugue ing'ae. Tena tangi lipo chini ya moto, kwa hiyo kivuli chake kinaangukia palepale unapotaka samaki wapande. Itundike kwenye mti unaotokeza nje ya mtumbwi.

Anayechoka kupiga pampu asidhani yeye ni wa kwanza. Mnara wa Chumbe, Zanzibar, uliojengwa na Waingereza mwaka 1904, ulibadilishwa kuwa wa gesi mwaka 1926 kwa mfumo wa AGA, kampuni iliyoongozwa na Gustaf Dalén. Msweden huyo alipata Nobel ya fizikia mwaka 1912. Miongoni mwa kazi zake ni vali ya jua: ufito mweusi hunyonya mwanga wa mchana, hurefuka, hufunga gesi, na giza likiingia hujifungua yenyewe. Kwa mtumbwi, raha ya namna hiyo leo iko kwenye taa ya sola.

Ukiamua karabai, funga kifuniko dukani, piga pampu bila mafuta, zamisha tangi kwenye ndoo ya maji. Mapovu yakitoka kwenye kiungo cha geji, rudisha. Nunua hapohapo vioo viwili, tambi sita na washa za akiba. Petroli usitie hata tone, na usilale nayo chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya baridi.