Moshi wa moto wa misitu na mgonjwa wa muda mrefu: nini kinunuliwe kwanza

Moshi wa moto wa misitu husafiri mbali kuliko moto wenyewe. Juni 2023 moto wa Quebec, Kanada, uliligeuza anga la New York kuwa la rangi ya chungwa, mamia ya kilomita kutoka kwenye miti iliyokuwa ikiungua. Kwa mtu mzima wa afya, siku kama hiyo ni macho kuwasha na koo kukauka. Kwa mwenye pumu, ugonjwa sugu wa mapafu, moyo dhaifu au kisukari, hatari ni kubwa zaidi. Chembechembe ziitwazo PM2.5, zenye upana wa maikromita 2.5 au chini ya hapo, hupita pua na koo zikafika ndani kabisa ya mapafu, na zile ndogo zaidi zinaweza kuingia kwenye damu. Ndiyo maana moshi ukizidi, hospitali hazipokei wenye pumu peke yao. Wenye maradhi ya moyo nao huzidiwa.

Orodha hii imepangwa kwa ajili ya mgonjwa huyo, na kigezo ni kimoja: kifaa kitamlinda saa ngapi kati ya 24? Aliyezoea kuugua hushinda ndani, na theluthi ya siku yuko kitandani. Basi pesa zianzie chumba cha kulala.

Kabla ya kununua chochote, hesabu dawa. Za kila siku zitoshe wiki kadhaa, inhela ya dharura isiwe inakaribia kuisha, na daktari awe ameshakuandikia la kufanya dalili zikipanda. Hakuna mashine inayochukua nafasi ya dawa ya kuzuia pumu.

Nafasi ya kwanza: kisafisha hewa chenye chujio la HEPA

Chujio la HEPA kwa kipimo cha Marekani hunasa asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3. Ukubwa huo ulichaguliwa kwa sababu ni miongoni mwa zile ngumu kunaswa. Kubwa zaidi na ndogo zaidi hunaswa kwa urahisi. Maneno kama "mfano wa HEPA" au "aina ya HEPA" kwenye boksi hayana maana yoyote. Rudisha boksi rafuni.

Lakini chujio zuri kwenye mashine ndogo ni kazi bure. Namba ya kutafuta ni CADR ya moshi, yaani kiasi cha hewa safi ambacho mashine hutoa kwa saa. Chukua urefu, upana na kimo cha chumba, uvizidishe. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari ya mita 2.5 kina mita za ujazo 40. Ili hewa hiyo isafishwe mara 5 kwa saa unahitaji CADR ya mita za ujazo 200 kwa saa. Kwa moshi mzito na mtu mgonjwa, mimi ningelenga mara 7, yaani 280 au zaidi. Namba ikiandikwa kwa cfm, yaani futi za ujazo kwa dakika, izidishe kwa 1.7.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawaligusi: CADR hiyo hupimwa feni ikiwa kwenye kasi ya juu kabisa, na kwenye kasi hiyo mashine nyingi huunguruma. Mgonjwa hulala vibaya, usiku wa pili anaipunguza hadi kasi ya chini, na kuanzia hapo anapata sehemu ndogo tu ya alichokilipia. Kwa hiyo nunua kubwa kuliko hesabu inavyodai, ili kasi ya kati itoshe. Nikilazimika kuchagua kati ya mashine kubwa isiyo na mbwembwe na ndogo yenye skrini, taa za rangi na programu ya simu, nachukua kubwa bila kufikiri mara mbili.

Uliza pia bei ya chujio la akiba na kama linapatikana kirahisi. Moshi huchafua chujio upesi mno, na lililodumu miezi likiwa na kazi ya vumbi la kawaida linaweza kuchoka ndani ya wiki chache. Nunua la pili siku hiyohiyo. Msimu wa moto ukianza, maduka huishiwa.

Kuhusu gesi na harufu, HEPA haizigusi. Hapo ndipo mkaa maalumu wa kunyonya gesi unapohitajika, na unaofanya kazi ni ule mzito, wa punje nyingi. Kitambaa chembamba kilichopakwa rangi nyeusi kinachoka haraka. Kwa mwenye pumu inayoamshwa na harufu, uzito huo una thamani. Kwa wengine, pesa ziende kwenye CADR.

Nafasi ya pili: barakoa ya N95 au FFP2

Hii ni kwa saa chache za lazima: kliniki, duka la dawa, kusafisha damu kwa mgonjwa wa figo ambaye hawezi kuahirisha. N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe, FFP2 angalau 94. Tofauti hiyo haina uzito kuliko namna inavyokaa usoni. Chagua yenye mikanda miwili ya kupita nyuma ya kichwa, kwa kuwa ya masikioni mara nyingi haikazi vya kutosha. Ivae, pumua kwa nguvu. Ukisikia hewa machoni au miwani ikipata ukungu, inavuja. Ndevu pia huivujisha. Barakoa ya kitambaa, hata ikiloweshwa, haizuii PM2.5, na ile ya upasuaji huacha nafasi pembeni.

Tahadhari moja ni muhimu: barakoa hizi huongeza kazi ya kupumua. Mwenye ugonjwa mkali wa mapafu au moyo amuulize daktari wake kabla ya msimu, kisha aijaribu akiwa ameketi nyumbani. Akiona kizunguzungu au pumzi ikizidi kuwa fupi, aivue.

Nafasi ya tatu: boksi la feni na machujio

Mwaka 2020 Wamarekani wawili, mhandisi Richard Corsi na mtengenezaji wa machujio Jim Rosenthal, walieneza wazo la kuunganisha machujio manne au matano ya daraja la MERV 13 (MERV ni kipimo cha uwezo wa chujio kunasa chembe) kwa gundi ya utepe na feni ya mraba juu yake. Linaonekana kama kichekesho, ila linasafisha hewa nyingi kwa gharama ndogo, na kwa sebule naliona kama chaguo la busara kabisa. Nimeliweka la tatu kwa sababu linakula nafasi, linahitaji mtu wa kuliunda, na feni nzee zinaweza kupata moto kupita kiasi. Tumia feni mpya yenye kinga ya umeme kwenye plagi.

Nafasi ya nne: kipima hewa cha nyumbani

Vile vidogo vya leza huwa vinazidisha namba za moshi wa moto wa misitu, kwa hiyo usivitegemee kama mizani ya dukani. Faida yao ni kuonyesha mwelekeo: dirisha gani linavuja, ukikaanga jikoni namba inapanda vipi, mashine ya chumbani inaishusha kwa dakika ngapi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linashauri PM2.5 isizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24.

Nafasi ya tano: kipima oksijeni cha kidole

Ni kidogo, ni rahisi, na hudanganya kwa namna mbili. Kwenye ngozi nyeusi kinaweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Tena hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto, iliyoshika damu. Jua namba yako ya kawaida siku hewa ikiwa safi, ndipo kushuka kutakuwa na maana. Ukiishiwa pumzi au kifua kikibana, nenda hospitali hata kama namba ni nzuri.

Visivyofaa kununuliwa

Mashine za ozoni, hata zikiitwa "oksijeni hai": ozoni yenyewe huwasha mapafu. Makopo ya oksijeni ya dukani huisha kwa pumzi chache. Anayetumia mashine ya oksijeni nyumbani ajue kwamba bado anavuta hewa ya chumbani kandokando ya mirija, kwa hiyo naye anahitaji kisafisha hewa, na kichujio cha mashine yake kisafishwe mara nyingi zaidi kipindi cha moshi.

Kuhusu kiyoyozi, epuka kile cha kuhamishika chenye bomba moja. Kinatoa hewa ya chumba nje, na inayoijaza nafasi hiyo hupenya kwenye nyufa ikiwa na moshi wake. Chenye mabomba mawili, au cha ukutani kinachozungusha hewa ya ndani, ni afadhali.