Kipimo cha mzio cha ngozi: uzoefu wangu, na dagaa niliobeba kwenye bahasha

Kwa mwenye haraka: kipimo cha mzio cha ngozi kinafaa, lakini si kwa kila anayepiga chafya. Kama pua inakusumbua kiangazi vumbi linapotimka, kisha inatulia yenyewe, nunua setirizini, dawa ya mzio ya kumeza, na maisha yaendelee. Mimi nilikwenda kupimwa kwa sababu nilikuwa naelekea kuacha kazi.

Niko soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, upande wa dagaa. Nakaa mizani, naandika kilo na majina. Magunia yanashuka kutoka visiwani, yanamwagwa, yanachekechwa, yanajazwa upya kwa safari ya Kongo, na mchana kutwa hewani kuna unga mwembamba unaoingia hadi kwenye nywele. Sasa mtu wa kazi hiyo akianza kupiga chafya mfululizo, kamasi jepesi likimtiririka kama maji, macho yakimwasha mpaka kope zinavimba, nani atahangaika kutafuta mchawi mwingine? Wabebaji walikuwa wakiniambia, "Dada, hao dagaa watakumaliza." Bosi wangu, mama mtu mzima mwenye huruma zake, alishaanza kuniulizia nafasi kwenye duka la vitenge mjini. Wakati huo nilikuwa naishi kwa Piriton, ambayo inakausha kamasi kweli, ila inakusinzisha, na ukisinzia kwenye mizani kuna watu watafaidika, na wewe si mmojawapo.

Daktari wa masikio, pua na koo niliyemwona hakuanza na dawa. Aliuliza chafya zinaanza saa ngapi. Nikamwambia alfajiri, kabla sijatoka kitandani. Na Jumapili ambayo siendi kazini? Vilevile. Akanyamaza kidogo, akasema tupime.

Maelezo yake nayaweka kifupi. Mwenye mzio mwili wake umetengeneza kingamwili aina ya IgE dhidi ya kitu ambacho kwa wengine hakina neno: kinyesi cha utitiri wa vumbi (vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi kwenye magodoro na mazulia), chavua ya nyasi, mende, mba ya paka, ukungu. Kitu hicho kikigusa utando wa pua au macho, seli fulani zinamwaga kemikali iitwayo histamini, na hapo ndipo muwasho, chafya na machozi vinapotoka. Kipimo kinafanya jambo hilohilo kwenye ngozi ya mkono, kwa kiasi kidogo, mahali pa kuonekana.

Sharti lake ndilo gumu. Dawa za mzio za kumeza lazima uziache takriban wiki moja kabla, la sivyo ngozi haitajibu. Mapokezi ya kliniki hiyo hawakuniambia lolote nilipopiga simu kuweka nafasi, nikalipa nauli ya bure na kurudi nyumbani kujipanga upya. Hapo nyota moja imeondoka. Wiki ya kukaa bila dawa sitaisimulia, isipokuwa kwamba kanga moja niliigeuza leso.

Siku yenyewe haina maumivu ya kutisha. Mkono wa mbele unachorwa namba kwa kalamu, kila namba inawekewa tone, kisha kinasindano kinachoma ngozi juujuu tu, damu haitoki. Matone mawili ni ya kulinganishia: moja maji ya chumvi, ambalo halitakiwi kuvimba, na moja histamini, ambalo ni lazima livimbe. Unakaa dakika 15 hadi 20 bila kujikuna. Hiyo ndiyo adhabu. Halafu uvimbe unapimwa kwa rula, na unaozidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi unahesabiwa kuwa umejibu. Mwenye pumu isiyotulia aseme mapema, maana hapimwi siku hiyo. Na uangalie kama dawa ya adrenalini, ya kumwokoa mtu mwili ukijibu kwa ukali, ipo chumbani. Kwangu ilikuwepo mezani, na nesi alinionyesha hata kabla sijauliza, jambo ambalo lilinipa imani kuliko vyeti vya ukutani.

Sasa dagaa. Daktari alikuwa ameniagiza nije nao wachache, wa kwangu wa Mwaloni, kwa sababu chupa za samaki walizokuwa nazo ni za samaki wa bahari za baridi. Nikawatia kwenye bahasha ya kaki, na daladala nzima ikajua. Akawalowesha kwenye maji ya chumvi, akachoma dagaa kwa kinasindano, kisha kinasindano hichohicho akakichoma mkononi mwangu. Utitiri wa vumbi ulivimba kipele kipana chenye miguu. Mende alivimba kiasi. Paka na nyasi, kimya. Dagaa, kimya kabisa.

Nilitaka kushangilia, akanishika mkono. Kutovimba maana yake ni kwamba yaelekea sina mzio wa dagaa, lakini unga wowote mkavu unaweza kukwaruza pua ambayo tayari ina hasira. Kwa hiyo barakoa wakati wa kuchekecha, ila kazi sina sababu ya kuiacha. Na kinyume chake pia: ngozi inaweza kuvimba kwa kitu ambacho maishani hakikusumbui, ndiyo maana majibu yanasomwa pamoja na historia yako. Karatasi peke yake haitoshi. Anayekupima bila kukuuliza maswali anakuuzia vipele.

Kasoro nyingine ni orodha yenyewe. Nilichomwa chavua ya betula, mti wa Ulaya ambao sijawahi kuuona, lakini wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama wingu la moshi na kutuingia hadi kwenye sahani hawakuwemo. Daktari alinieleza kwamba kule Sudan, kando ya Mto Nile, vijidudu wa ukoo huohuo walithibitika kuleta pumu na mafua ya mzio, na kinachosumbua ni hemoglobini yao. Sisi wa pwani ya ziwa ndio tungefaa kupimwa hilo. Bima yangu pia haikulipa kipimo, nikatoa laki na ushee mfukoni.

Baada ya hapo pesa ilikwenda kwenye kitanda. Godoro la zamani la sponji nje, jipya limevikwa gamba lenye zipu, mashuka yanafuliwa kila wiki kwa maji ya moto sana, zulia nimempa shemeji. Puani napuliza flutikasoni. Hii wengi wanaiacha mapema wakidhani ni feki, kwa sababu haifanyi kazi papo hapo. Ipe siku kadhaa, wakati mwingine hadi wiki mbili, na upulize kila siku hata ukijisikia mzima. Mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, wa kushoto kwa la kulia, ncha ielekee upande wa sikio. Ukielekeza kwenye ukuta wa katikati utatokwa damu. Macho nayawekea matone ya olopatadini asubuhi na jioni.

Mawili nawaonya. Matone ya kuzibua pua yenye zailometazolini yanazibua kweli, lakini ukipitisha siku tano hivi pua huanza kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe. Na matone ya macho yenye deksamethasoni, ambayo baadhi ya maduka yanakupa bila cheti, yanatuliza muwasho upesi huku yakiweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Mtoto wako akifikicha macho kutwa, mpeleke kliniki ya macho.

Kuhusu tiba ya kuzoesha kinga, wengi mmeniuliza. Si mpya: Leonard Noon alichapisha habari zake London mwaka 1911, kwa sindano za chavua ya nyasi. Unapewa kile kinachokudhuru kwa kiasi kidogo kinachopanda polepole, ama kwa sindano, ambapo baada ya kila moja unakaa nusu saa chini ya uangalizi, ama kwa vidonge au matone ya chini ya ulimi kila siku. Ni miaka mitatu hadi mitano. Ndiyo tiba pekee inayogusa chanzo cha mzio, na faida yake inaweza kubaki baada ya kuacha. Bila kujua mzio wako ni wa nini haianzishwi, na utitiri wa vumbi ni kati ya vitu ambavyo imefanyiwa utafiti mwingi.

Kliniki yangu haiitoi. Dawa za sindano zinataka jokofu muda wote, na mtaani kwetu umeme mnaujua. Daktari alisema kama flutikasoni na usafi wa kitanda vinanitosha, hakuna haja ya kukimbilia, na kwa sasa vinanitosha: alfajiri naamka na chafya mbili tatu, Piriton nimeacha, mizani nakaa macho. Masika ikipita na unyevu wake nitamrudia. Kipimo nakipa nyota nne kati ya tano. Mapokezi mbili.