Gia za 4.16 za Suzuki SJ413: zinavyofanya kazi kwenye mchanga wa Malindi

Mwenye Suzuki SJ413, kijigari cha fowili (kinachoweza kuendeshwa na magurudumu yote manne), huku Malindi huanza kufikiria gia pale anapofunga matairi makubwa. Tairi la 205/70R15 lina kipenyo cha milimita 668 hivi, na la 235/75R15 linafika kama milimita 733, yaani karibu asilimia 10 zaidi. Injini ya sentimita za ujazo 1,324 hailimudu ongezeko hilo: gia ya tano inabaki kuwa pambo, na upepo wa kusi ukikupiga usoni kwenye barabara ya Mombasa unajikuta unarudi gia ya nne mara kwa mara.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kubadilisha krauni na pinioni, gia mbili zinazoshikana ndani ya difu (sanduku la gia lililo kwenye ekseli). Lazima zibadilishwe difu zote mbili, kwa sababu uwiano wa mbele na wa nyuma ukitofautiana, ekseli hushindana mara tu unapoingiza fowili, na kitu kitavunjika. Isitoshe, pinioni hupangwa kwa shimu, yaani vibati vyembamba sana, na nafasi ya meno hupimwa kwa geji. Fundi akikisia, difu italia kama mbu na kujila yenyewe polepole. Dawa ya pili, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wote, ni seti ya gia za transfa kesi (sanduku linalogawa mwendo kwa ekseli za mbele na nyuma) yenye uwiano wa 4.16, yaani upande wa nguvu shafti ya kuingia huzunguka mara 4.16 ili ya kutoka izunguke mara moja.

Sababu imo katika umbo la gari lenyewe. Transfa kesi ya SJ413 haijaungana na giaboksi. Imekaa peke yake katikati ya chesisi na huunganishwa kwa shafti fupi, hivyo hushuka bila kuigusa klachi wala giaboksi. Tena, hata ukiwa kwenye 2H (magurudumu mawili, mwendo wa barabarani), mwendo hupita kwenye gia zenye uwiano wa 1.409. Kwa hiyo seti moja inarekebisha pande zote mbili kwa mkupuo: uwiano wa upande wa barabarani unaongezeka kwa takriban asilimia 12, kiasi kinachofuta karibu kabisa athari ya matairi ya 235, na ule wa 4L (magurudumu manne, mwendo wa polepole wenye nguvu) unapanda kutoka 2.268 hadi 4.16.

Tuzidishe ili tuone maana yake. Gia ya kwanza ya SJ413 ni 3.652 na difu ni 3.727. Kwa gia za kiwandani, uwiano wa jumla katika 4L ni karibu 31 kwa 1. Kwa seti hii unafika karibu 57. Lakini kwa mtu wa pwani, namba hiyo kubwa siyo habari yenyewe. Habari ni mpangilio wa gia zinazofuata. Gia ya pili katika 4L mpya inakaribia kulingana na gia ya kwanza ya zamani, na ya nne inakaribia ya pili ya zamani. Gia ya tatu ndiyo inayoangukia katikati ya zile mbili, pale ambapo zamani hapakuwa na kitu, na kwenye mchanga pengo hilo lilikuwa adhabu: ya kwanza inachimba, ya pili inazima injini.

Kwenye vilima vya mchanga vya Mambrui, gia hiyo ya tatu ndiyo kila kitu. Upepo wa tairi ukishushwa hadi karibu 15 psi, gari linapanda kwa mwendo ulio sawa, injini ikiwa katika mzunguko wake wa nguvu, na mguu hauhitaji kuikanyaga klachi katikati ya kilima laini, mahali ambapo kubadilisha gia ni sawa na kusimama. Gia ya kwanza mpya haina kazi mchangani. Tairi huzunguka polepole mno na gari huzama. Faida yake huonekana kwenye mawe ya laga kavu (mkondo wa mto wa msimu) kuelekea Baricho, ambako gari hushuka lenyewe bila breki, na kwenye udongo mweusi unaonata wakati wa mvua za masika. Ndiyo maana sioni haja ya seti yenye uwiano wa 6.5 kwa mtu wa huku.

Kasoro zipo. Torki (nguvu ya kuzungusha) inayotoka kwenye transfa kesi imekaribia kuongezeka maradufu, na zile raba za mikono mitatu inayoishikilia kwenye chesisi hupata shida ya kwanza. Raba ikipasuka, kesi nzima hujipinda unapoachia klachi na utasikia mgongano wa chuma chini ya kiti. Fungeni raba mpya siku hiyohiyo, pamoja na beringi na oili sili. Shafti za ekseli nazo hazikutengenezwa kwa mzigo huu: usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, usikanyage mafuta kwa nguvu. Na mwenye matairi ya kawaida asinunue, kwani barabarani injini yake itapiga kelele bure.

Asiyeweza kumudu seti anaweza kutafuta transfa kesi iliyotumika ya SJ410, ndugu yake mwenye injini ndogo, ambayo uwiano wake ni 1.580 na 2.511. Upande wa barabara utapata nafuu ileile, lakini upande wa 4L utaongezeka kidogo tu. Kabla ya kulipa, linganisha matundu ya boliti kwenye flanji (sahani ya kuungia) na yale ya propela zako, yaani shafti zinazopeleka mwendo kwenye difu, kwa maana hayafanani katika magari yote.

Baada ya kufunga gia mpya, endesha gari polepole kwa muda, kisha mwaga oili ikiwa bado ya moto na uitazame nati ya kumwagia. Unga mwembamba wa chuma unaopakika kidoleni ni wa kawaida kwa gia zinazozoeana. Ukiona vipande vinavyong'aa na kukwaruza, usiliendeshe tena gari hilo mpaka kesi ifunguliwe.