TAHADHARI: Wanunuzi wa boti za mtumba Kigoma, mashine isiwashwe kabla hujafika

Ndugu zetu mnaotafuta boti za faiba kwenye mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji, someni hili kabla hamjatoa shilingi. Kuna wauzaji wanaopamba mashine zilizochoka na kuziuza kwa bei ya mashine nzima. Ukifika, tayari iko majini inanguruma. Mashine iliyochoka husumbua kuwaka asubuhi ikiwa ya baridi. Ikishapata moto huwaka kwa mvuto mmoja nawe ukaridhika. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe. Ukifika, vua kofia ya mashine, weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa na vuguvugu, rudi kesho.

Utapeli mkubwa uko kwenye kupima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda. Kabla hujafika, oili kidogo humiminwa kwenye matundu ya plagi. Inaziba mwanya kati ya ringi na ukuta wa silinda, geji inapanda, na mashine iliyokwisha inaonekana mpya. Kwa hiyo toa plagi mwenyewe na uzitazame: zikiwa zimeloa oili nzito, kipimo hicho usikiamini. Zirudishe, washa mashine ikiwa majini, iache ifanye kazi robo saa mpaka ule moshi mzito uishe, kisha zima upime upya. Chomoa kamba ya usalama ili umeme usije, zungusha mkono wa gesi mpaka mwisho, vuta kamba mara tano au sita kwa kila silinda. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10, achana nayo.

Nenda na mafuta yako. Mashine nyingi za kuchanganya oili zinataka oili lita 1 kwa petroli lita 50, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Wengine huzidisha oili ili kupunguza mlio wa pistoni iliyolegea.

Chini kwenye gia, legeza skrubu ya chini kidogo tu, usiitoe. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, kwa hiyo yakiwemo yatatangulia kutoka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa maana yake sili, ule mpira unaozuia maji kuingia kwenye gia, imekufa, na huku kwetu mara nyingi ni uzi wa nyavu uliojisokota nyuma ya propela ukaikata. Sili yenyewe ni bei ndogo. Beringi na meno ya gia vilivyoshika kutu ndivyo vitakavyokumaliza.

Ubao wa nyuma unaobeba mashine ukiwa umepakwa rangi mpya peke yake, tilia shaka. Ugongegonge kwa mpini wa bisibisi: mbao nzima hulia kavu, iliyooza hutoa mlio mzito uliokufa. Kisha shika mguu wa mashine uusukume juu na chini. Ubao ukicheza, umeoza ndani.

Majaribio ya dakika tano ufukweni si majaribio. Pakia madumu 10 ya lita 20 yaliyojaa maji, ni kilo 200 hizo, nenda nusu saa mkitoka nje kabisa. Kijito cha maji ya kupoza kikidhoofika, pampu imeliwa na mchanga au njia zimeziba. Mashine ikipiga kelele na boti haiongezi mwendo, mpira wa ndani ya propela unateleza.

Halafu namba. Wizi wa mashine kwenye Ziwa Tanganyika letu hili si siri, na ukikamatwa na ya wizi utaipoteza na kujieleza polisi. Soma kibati kwenye mabano ya mashine: ripiti zilizokwaruzwa au namba iliyopigwa msasa, ondoka. Linganisha na risiti, na usajili wa boti uuthibitishe TASAC, shirika la serikali linalosajili vyombo vya majini. Ulizeni pia BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) ya mwalo ambako muuzaji anadai boti imetoka.

Na yule anayesema boti iko Kalemie au Bujumbura, umtumie nusu kwa simu ndipo ije, usimtumie hata ya mafuta.