Flashi ya hotuba za Mwalimu: sauti ni safi, makofi yamekatwa

Kwa wiki mbili nimesikiliza flashi ya hotuba za Mwalimu Julius Nyerere niliyoinunua kwa shilingi 10,000 kwenye kibanda kimoja cha Kariakoo. Mimi hufundisha Kiswahili, na nilitaka wanafunzi wangu wasikie jinsi kiambishi kimoja kinavyoweza kumweka msikilizaji upande wa msemaji.

Hotuba inayostahili bei yote hiyo ni ile aliyowapa wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee tarehe 2 Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yamekwisha kuingia Kagera. Anaposema “uwezo wa kumpiga tunao”, kisha “nia ya kumpiga tunayo”, haanzi na “tuna uwezo” kama ambavyo wengi wetu tungesema. Anakitanguliza kitu chenyewe na kuuacha umiliki uje mwisho, na mwenye kumiliki ni “tu-”, yaani serikali, askari na mzee aliyeketi ukumbini, wote kwa pamoja. Kiswahili hakina “sisi” ya kumjumuisha msikilizaji na nyingine ya kumtenga, hivyo kila aliyesikia alikuwa amekwisha kuhesabiwa. Adui, kwa upande wake, amebakiwa na silabi moja tu, “m” iliyobanwa ndani ya “kumpiga”.

Katika hotuba za 1995, miaka 10 baada ya kuacha urais, namna inabadilika. “Sikuchaguliwa na wananchi”, anasema, akimaanisha hakuchaguliwa ili aigeuze Ikulu pango la walanguzi, na kauli hiyo ya kutendwa, ambayo darasani tunaifundisha kwa chakula kilichopikwa na mama, inamfanya rais kuwa mtendwa na wananchi kuwa watenda.

Sauti ni safi, ila mafaili yana namba tu, bila tarehe wala mahali. Dosari inayoniuma zaidi ni kwamba makofi yamekatwa: “tunayo” ikiisha, hotuba nyingine inaanza papo hapo, ilhali vishindo vya ukumbi ndivyo vinavyothibitisha kwamba ile “tu-” imepokelewa. Nilipomrudia muuzaji, alinijibu kwa adabu, “Mwalimu, tulipunguza ili zienee zote.” Nilimwambia kwamba hotuba tano kamili zingenifaa kuliko hizi nyingi zilizokatwa. Ameahidi kuniwekea ile ya 1978 nzima, na Jumamosi nitaifuata.