Hambaka nyembamba kwenye gitaa la bendi: uzoefu wangu na Little '59

Kwanza niondoe utani: nikisema pikapu sisemi gari la kubebea nazi hadi soko la Kongowea, Mombasa. Nasema kile kidude chenye sumaku kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme na kugeuza mtikisiko wao kuwa umeme wa kupeleka kwenye spika. Gitaa ninalopiga ni la mtindo wa Stratocaster, lina pikapu tatu, zote za koili moja (yaani waya mwembamba uliosokotwa mara moja kuzunguka sumaku), na zote tatu zilikuwa zinavuma.

Kuvuma kwenyewe nilikuzoea nyumbani. Balaa lilikuwa kazini. Bendi yetu hupiga hotelini, pwani ya kaskazini, Ijumaa na Jumamosi: bango, rumba, na chakacha wageni wakichangamka. Jukwaa liko ubavuni mwa baa. Nyuma ya ukuta kuna friza mbili, juu yetu kuna taa za dima, zile za kupunguzwa mwanga, na stima yetu ni ya volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Koili moja huyadaka yote hayo kama antena. Friza ikiwaka tu, nyuki wanaingia kwenye spika. Nikagundua kuwa nikisimama kuelekea kibla gitaa linatulia, nikiwageukia wageni linaanza tena. Miezi mingi nimepiga nikiwa upandeupande kama kaa, hadi kiongozi wetu akaniuliza kama nimegombana na wateja.

Nilijaribu ya bure kwanza. Nikafunika ndani ya gitaa kwa foili ya jikoni, ile ya kufungia samaki. Kwanza, risasi ya kulehemia haishiki kwenye alumini, kwa hivyo nilihangaika jioni nzima kuunganisha waya wa ardhi. Pili, foili ilipunguza ule mchakaricho wa taa, lakini mvumo mzito wa friza ulipita kama vile hakuna kitu. Mvumo ule huja kwa nguvu ya sumaku, na foili nyembamba haiwezi kuizuia.

Dawa yake inajulikana tangu zamani. Seth Lover, fundi wa kampuni ya magitaa ya Gibson, aliiombea hataza mwaka 1955 na akaipata mwaka 1959. Unaweka koili mbili pamoja, moja imeunganishwa kinyume cha mwenzake, na sumaku zao pia zimegeuzwa. Mvumo wa stima unaziingia zote mbili na kufutana. Sauti ya uzi haifutiki, kwa sababu kule kugeuza sumaku kunaifanya ijumlishwe. Hiyo ndiyo hambaka. Lakini hambaka ya kawaida ni pana karibu mara mbili ya koili moja, na kuipachika inabidi ukate lile bamba la plastiki, na pengine mbao pia. Gitaa lenyewe si langu, ni la bendi. Kiongozi alilimaliza kwa sentensi moja: "Ukilitia patasi, umelinunua."

Ikabaki hambaka nyembamba, iliyotengenezwa kwa kipimo kilekile cha koili moja, inayoingia kwenye tundu lilelile kwa skrubu zilezile mbili.

Hapa kwenye kuchagua ndipo wengi tunapopotea, na mimi nilipotea mapema. Ukitafuta utakutana na Hot Rails, JB Jr. na Little '59 za kampuni ya Seymour Duncan, na Fast Track, Chopper na Cruiser za kampuni ya DiMarzio. Wauzaji hupenda kuzipanga kwa omu, kipimo cha jinsi waya unavyouzuia umeme: hii ina nyingi, hii chache, kana kwamba omu ni nguvu za farasi. Koili za pikapu hizi ni ndogo, kwa hivyo husokotwa kwa waya mwembamba zaidi ili mizunguko ienee, na waya ukiwa mwembamba omu hupanda zenyewe. Namba ile hailinganishiki na ya hambaka kubwa. Mimi kabla sijalijua hilo nilinunua moja ya bei ya chini, yenye reli mbili (vyuma viwili virefu vinavyopita chini ya nyuzi zote), isiyo na jina lolote, kwa kuwa tu ilikuwa na omu nyingi. Kuvuma haikuvuma. Lakini bango linataka kila uzi usikike umejitenga, na pikapu ile ilizigandisha nyuzi zote zikawa uji. Mpiga kinanda akaniomba nipunguze, nikapunguza, nikapotea kabisa.

Ya pili nikaagiza Little '59 ya upande wa daraja, kule nyuzi zinakoshikiliwa kwenye mwili wa gitaa. Binamu yangu alikuwa anarudi kutoka Uingereza, akaja nayo mfukoni mwa koti. Haina reli. Ina vichwa vidogo vya chuma, safu mbili za sita sita, na jina lake linarejelea hambaka za Gibson za mwaka 1959, yaani hambaka zenye nguvu ya kiasi tu. Kilichonifanya niichague zaidi ni waya wake: nne za rangi, pamoja na mmoja mtupu wa ardhi. Pikapu yenye waya mbili imeshakuamulia. Yenye nne unaamua mwenyewe koili zipangwe vipi.

Nikaipeleka kwa fundi wa redio Mwembe Tayari, mzee ambaye amelehemu tangu enzi za redio za mbao. Kijana wake akafungua mchoro kwenye simu, wakafunga, wakaniunganishia spika ndogo ya pale kibandani. Nyuki walewale, na sauti imenyongeka.

"Ami, nimepigwa," nikamwambia. "Hii ni feki."

Hakunijibu. Akachukua mita, akapima kwenye jeki, lile tundu la kuchomekea waya wa spika, kisha akaondoa waya mmoja akapima tena. "Nusu yake imelala," akasema. "Huu mchoro ni wa kampuni gani?"

Mchoro ulikuwa wa DiMarzio. Kwao, waya mwekundu ndio wa sauti, kijani ni ardhi, mweusi na mweupe huungana. Kwa Seymour Duncan mweusi ndio wa sauti, kijani ni ardhi, na wanaoungana ni mwekundu na mweupe. Tulikuwa tumeifunga koili moja kwenye mkia wake yenyewe na kuacha moja peke yake ifanye kazi, ndipo mvumo ukarudi. Mzee akahamisha waya mbili. Dakika tano. Akageuza volumu yote, na kwenye spika nikasikia feni ya dukani na makanga wa matatu nje. Pikapu haikuwa na kosa hata kidogo.

Ikabaki kitu kimoja: nikiichanganya na ile ya katikati, sauti ilikuwa nyembamba kama ya simu. Sauti zao zilikuwa zinafutana. Akabadilishana mweusi na kijani, waya mtupu ukabaki ardhini, ikatengemaa.

Sasa, lililo muhimu kwa anayepiga muziki wetu. Nilimwomba aniwekee swichi ndogo ya kuchagua koili zifuatane, umeme ukipita moja kisha nyingine, au ziende sambamba, kila moja kwa njia yake. Zikifuatana, sauti ni nene na kubwa kushinda zile pikapu mbili za zamani, na pikapu yenyewe nimeishusha kidogo mbali na nyuzi isizimeze. Sambamba, sauti hupungua, inang'aa, inakaribia sana koili moja, na bado haivumi. Watu wengi hushauri kuzima koili moja ili upate mng'ao. Ukifanya hivyo umewaita nyuki warudi. Mimi nakaa sambamba karibu usiku kucha, nafuatanisha tu nikipata nafasi ya kupiga peke yangu.

Kitasa cha volumu nimekiacha kilekile cha kilo-omu 250 (omu 250,000). Kwa hambaka hupendekezwa 500, nikajaribu, lakini zile koili moja mbili zikawa zinachoma sikio. Kwa mpangilio wa sambamba ile 250 haiizimi sauti sana, kwa hivyo sioni haja ya kuhangaika.

Kasoro? Si koili moja halisi. Ule ukali mtamu wa mwanzo wa noti umelainika, na mwenye sikio atajua. Bei nayo si ya mchezo, karibu robo ya thamani ya gitaa lenyewe. Skrubu zilizokuja nayo zimeanza kushika kutu baada ya miezi minane ya upepo wa bahari, ingawa hapa kwetu hata kufuli za milango hazisalimiki. Nazipaka mafuta ya cherehani. Na pikapu ya shingoni bado inavuma vilevile, kwa sababu hiyo sijaigusa.

Jumamosi iliyopita, katikati ya rumba, taa zilipepesa kidogo nikajua friza imewaka. Spika haikusema kitu. Nilikuwa nimewatazama wageni. Kiongozi alinisogelea mapumzikoni akauliza ile ya shingoni itakuwa pesa ngapi.